Anaambiwa Nani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1870, katika nchi ya Utetela ndani kabisa ya Kongo, mfanyabiashara mmoja wa Unguja alifika kwa sultani mzee aitwaye Kasongo Rushie, akamwambia kwamba wao ni ndugu. Mgeni alikuwa amekwisha kupata habari kwamba zamani dada wawili wa sultani huyo walitekwa, wakachukuliwa mbali, wasionekane tena. Akasema mmoja wa wanawake hao ndiye bibi yake, mzaa mama. Mzee akaamini. Baadaye akamwachia mgeni utawala, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, akawa na nchi nzima ya kukusanyia pembe.

Siri hii haikutobolewa na adui. Kisa chote kakisimulia Tippu Tip mwenyewe, uzeeni, kwa Kiswahili, katika habari za maisha yake zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Anaeleza jinsi alivyosikia habari ya wale dada waliopotea, anaeleza jinsi alivyoitumia, na msomaji anaachiwa ajumlishe mwenyewe. Hajitetei wala hajuti.

Kila ninapowahadithia watu kisa hiki, swali la kwanza huwa moja: kama alimdanganya sultani, atashindwaje kutudanganya sisi? Swali hilo ni la haki, ila linakuja mapema mno. Liko la kutangulia: wakati anasimulia, Tippu Tip alikuwa akimwambia nani? Mtu hajielezi hewani. Hata anayeandika shajara na kuifungia kabatini ana mtu anayemwandikia, japo ni yeye mwenyewe wa miaka ijayo. Ukishamjua huyo anayeambiwa, mengi yanayoonekana kuwa uongo, majigambo au usahaulifu huanza kueleweka.

Shuleni hatufundishwi kusoma hivyo. Kenya, mtahiniwa wa kidato cha nne anaijua tawasifu kama aina ya insha: andika jina lako, ulipozaliwa, shule ulizopitia, matarajio yako. Tanzania, uhakiki wetu umejengwa juu ya fani na maudhui, na vitabu tunavyovipitisha kwenye chekecheo hilo ni riwaya, tamthiliya na diwani. Tawasifu inabaki pembeni. Tukiipata tunaichukulia kama chanzo cha historia, tunachota tarehe na majina, kisha tunairudisha rafuni. Au tunaichambua kama riwaya, tukaorodhesha wahusika na dhamira, na tukifika kwenye kipengele cha msimamo wa mwandishi tunakwama, maana hapa mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu ni mtu mmoja.

Au tuseme, wanadai kuwa mtu mmoja. Mfaransa Philippe Lejeune alilisimamisha jambo hilo mwaka 1975 alipoeleza kwamba tawasifu haitambulikani kwa ukweli wa yaliyomo, bali kwa mapatano baina ya mwandishi na msomaji: jina lililo kwenye jalada ni la yule anayesema “mimi” ndani, na ni la yule aliyetendewa mambo hayo. Mwandishi ametia saini. Msomaji ana haki ya kumdai. Hoja hiyo imesaidia sana, na nitaitumia huko mbele, ila ilizaliwa kwenye nchi ya wachapishaji na majalada. Pwani yetu, jina kwenye jalada mara nyingi limepitia mikono mingine kwanza.

Mzee wa Shangani na Mjerumani

Chukua huyo huyo Tippu Tip. Alirudi Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890, baada ya miongo ya misafara, baada ya kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya mfalme Leopold tangu 1887, na baada ya Henry Morton Stanley kumfungulia mashtaka kwamba alivunja mkataba. Zama zake zilikuwa zimekwisha. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ametwaa Kongo, Ujerumani imetwaa bara, Uingereza imeiweka Zanzibar chini ya himaya yake. Nyumba yake bado ipo Shangani, Mji Mkongwe, na wageni huupiga picha mlango wake wa nakshi. Alifariki Juni 1905.

Aliyeyapokea maandishi yake ni Heinrich Brode, Mjerumani. Akayageuza kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini, akayatafsiri kwa Kijerumani, akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Waswahili wengi walikuja kuyafikia baadaye sana, kupitia toleo la W. H. Whiteley lililotoka mwishoni mwa miaka ya 1950, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kwa hiyo kitabu tunachokiita kongwe miongoni mwa tawasifu za Kiswahili kilizaliwa mikononi mwa mtu ambaye serikali yake ilitawala sehemu kubwa ya njia za misafara zinazosimuliwa humo.

Sasa rudi kwenye kisa cha Kasongo Rushie. Je, Tippu Tip alikuwa akimwambia Mjerumani? Kwa sehemu, ndiyo. Kuna kurasa zinazosomeka kama majibu kwa Wazungu. Anapolalamika kwamba Stanley alimwahidi makubwa kwa kumsindikiza mwaka 1876, kisha zawadi iliyomfikia kutoka Ulaya ikawa ni picha ya Stanley, mtu anahisi anazungumza na hakimu. Stanley alikuwa na vitabu vyake vilivyosomwa dunia nzima. Huyu alikuwa na kalamu moja na msikilizaji mmoja mwenye njia ya kufika Ulaya.

Lakini kisa cha sultani hakisomeki hivyo. Kina mwendo wa baraza. Ni hadithi ambayo lazima ilikwisha kusimuliwa mara nyingi jioni, kwenye majamvi, baina ya wenye misafara waliojua thamani ya frasila na hatari ya njia. Katika baraza hiyo ujanja ni sifa. Watu waliolelewa na hekaya za Abunuwasi hawasubiri mjanja atubu mwishoni. Wanasubiri kujua alivyopata. Msomaji aliyezoea maungamo ya Mtakatifu Augustino au ya Jean-Jacques Rousseau, ambao maisha yao yanasimuliwa kama kesi ya nafsi mbele ya Mungu au mbele ya wanadamu wote, atamtafuta Tippu Tip wa namna hiyo asimpate. Atasema hana undani. Mimi nadhani undani anao, ila yeye alikuwa anatoa hesabu ya safari, na hesabu ya safari ina adabu zake.

Adabu hizo ndizo zinazotuonyesha pia asichokiona. Pembe za ndovu katika kitabu hiki zinapimwa. Tunaambiwa zilikuwa frasila ngapi, zilitoka wapi, ziliuzwa vipi. Watu waliozibeba, na waliotekwa pamoja nazo, wanapita kama kundi, bila majina. Hilo si la kushangaza kwa mwandishi wake, lakini mhakiki asilipite kimya kwa kuogopa kumhukumu mtu wa zamani kwa macho ya leo. Iko sauti ya upande wa pili ya kuweka kando yake: mwaka 1936 Margery Perham alitoa mkusanyo wa maisha ya Waafrika kumi, na mmoja wao ni Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa utotoni akafikishwa pwani kama mtumwa. Usimulizi wake nao umepitia kalamu ya mwingine na lugha nyingine. Ukisoma masimulizi hayo mawili kwa juma moja, barabara ile ile ya vumbi inakuwa na pande mbili.

Binti Said na mtoto asiyetajwa

Wa pili ninayemtaka ni Sayyida Salme, aliyezaliwa Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja, binti wa Sultani Said bin Sultan. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, wakati huo akiitwa Emily Ruete, mjane mwenye watoto watatu. Kurasa za utotoni ni tamu mno. Ua wa Mtoni una tausi, swala, kanga na mbuni wanaozurura, baba anatembea kwenye baraza yake akitazama bahari, watoto wanajifunza kupanda farasi. Anayeyaandika hayo ni mwanamke wa makamo anayeishi kwenye baridi ya Ujerumani, ambaye mumewe aliuawa na ajali ya tramu huko Hamburg mwaka 1870. Mtoto anayesimuliwa hajui lolote kati ya hayo. Msimulizi anajua yote. Utamu wote wa kurasa zile unatokana na pengo baina ya wawili hao, na ndiyo maana naona ni kosa kuzichukua kama picha tu ya maisha ya kasri.

Kuna jambo dogo katika maisha yake linalomgusa kila anayeshughulika na uandishi. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, hawakufundishwa kuandika. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza mapema. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipokula njama ya kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid, wapanga njama walihitaji mtu wa kuwaandikia barua, na binti wa miaka kumi na mitano akawa katibu wao. Njama ilishindwa. Kazi ya kwanza kubwa ya kalamu yake ilikuwa hiyo, na ya pili ikawa kueleza jinsi alivyoishia mbali na kwao.

Anaeleza kila kitu? Hapana. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa meli ya kivita ya Kiingereza, akaenda Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa jirani yake mjini. Kitabu kinakiri mapenzi. Hakisemi kwamba alipotoroka alikuwa mja mzito, na kwamba mtoto wa kiume alizaliwa Aden Desemba 1866 na hakuishi hata mwaka. Hayo tunayajua kwa njia nyingine.

Hapa ndipo swali la “anaambiwa nani” linapofanya kazi yake. Dibaji inasema aliyaandika kwanza kwa ajili ya wanawe. Halafu kitabu kikauzwa kwa Wajerumani wa 1886, mwaka mmoja tu baada ya manowari za Kijerumani kutia nanga mbele ya Unguja kumshinikiza Barghash, sasa akiwa sultani, naye Salme akiwa ameletwa huko huko na Wajerumani kama karata ya mchezo wao. Watoto wake hawakutakiwa kusoma habari ya ndugu yao aliyezaliwa kabla ya ndoa. Wanunuzi wa kitabu hawakutakiwa kuwa na sababu ya kumdharau binti mfalme. Na nyumbani Unguja, ambako alikuwa bado anadai urithi wake, neno hilo lingemfungia mlango uliobaki. Wote watatu wanasikiliza, na wote watatu wanamziba mdomo mahali pamoja.

Wasikilizaji hao hao wanaeleza na ile sura ya utumwa inayowakera wengi, na mimi ikinikera. Anautetea utumwa wa Kiarabu, anasema haufanani na ule wa Marekani. Anawajibu Wazungu waliomtazama kama mtu aliyetoka kwa washenzi, na katika kujibu anawatumia watu waliomtumikia kama hoja. Baada ya kufa kwake mwaka 1924 zilionekana barua zake ndefu kuhusu maisha ya Ujerumani, ambazo hazikuchapishwa hadi mwaka 1993. Zina ukiwa ambao kitabu cha 1886 hakiudhihirishi. Alikuwa mwanamke yule yule, akimwandikia mtu wa nyumbani.

Karani wa forodha na watoto wake

Kwa muda mrefu niliwasikia wahakiki wakimlaumu Shaaban Robert kwamba Maisha Yangu ni tawasifu baridi. Kwamba ana mawaidha mengi, habari kidogo. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akaanza ukarani wa forodha mwaka 1926 akiwa kijana mdogo, akafanya kazi Pangani na kwingineko, akahamishiwa Mpwapwa wakati wa vita, akarudi Tanga. Alikuwa mtu mweusi mwenye kipaji kikubwa ndani ya ofisi za mkoloni. Tungependa atuambie hasira zake. Yeye anatupa subira, uaminifu, kazi, na katikati ya nathari anaingiza tenzi mbili ndefu, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe.

Lawama hiyo nimeikataa, na sababu yake iko Siu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka, akiwa mgonjwa kitandani, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Tumezoea kuusoma kama orodha ya mafunzo ya mke mwema, na wapo wanaoukasirikia kwa ajili hiyo. Lakini ndani yake yumo mwanamke anayesema habari zake: ugonjwa wake, ndoa yake na furaha aliyoipata humo, mumewe alivyomwacha duniani. Hangeweza kuketi na kutangaza “haya ndiyo maisha yangu”. Kwa heshima ya mahali pake na wakati wake, mlango pekee uliokuwa wazi kwa nafsi yake ulikuwa mtoto wake. Akapita hapo.

Shaaban Robert alipita mlango huo huo karibu karne moja baadaye. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1949 wasomaji wengi wa Kiswahili hawakuwa wamezoea mtu kujitungia kitabu, na mtu wa pwani aliyelelewa vizuri haanzi na “mimi”. Akimwusia mwanawe, hapo anaruhusiwa. Kwa hiyo zile tenzi si pambo lililochomekwa ndani ya nathari. Naona ndizo moyo wa tawasifu yenyewe, na nathari imekaa pembeni yake kama maelezo. Baba anapomwambia mwanawe namna ya kuishi na wakubwa kazini, anatuambia alivyoishi nao yeye. Anapomsisitizia binti heshima na elimu, tunamwona mtu aliyefiwa na mkewe Amina, ambaye alimlilia kwa shairi, akabaki na malezi mikononi. Mhakiki anayeziruka tenzi ili afike kwenye “habari” anaruka habari.

Anayetaka kumwona Shaaban Robert bila joho la mwalimu anapo pa kwenda. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Zinapishana na miaka ile ile ya Maisha Yangu. Mwanafunzi wa shahada anayetafuta mada asihangaike: achukue miaka mitano tu, asome barua upande wa kushoto na tawasifu upande wa kulia, aandike kila mahali ambapo ndugu ameambiwa jambo ambalo watoto na umma hawakuambiwa. Kazi hiyo itamfundisha uhakiki kuliko mihadhara mingi ya nadharia, na haihitaji ruzuku.

Tena Shaaban huyu huyu, aliyejisemea kwa tahadhari, alipokwenda Unguja kuandika habari za Siti binti Saad, mwimbaji kutoka Fumba aliyerekodi sauti yake Bombay mwaka 1928, alikuwa mwepesi zaidi wa kumsifu mtu aliyepanda kutoka chini, kudharauliwa kwake na kushinda kwake. Siti hakuwa na elimu ya kuandika. Sijui kama natia chumvi, lakini mara nyingine nikisoma wasifu huo naona karani wa Tanga akijisemea kwa kinywa cha mtu mwingine.

Kinasa sauti Mombasa

Siti ananipeleka kwa wale ambao hawakuandika kabisa. Katika miaka ya 1970 Margaret Strobel, mwanahistoria Mmarekani aliyekuwa akichunguza maisha ya wanawake wa Mombasa na vyama vyao vya lelemama, alirekodi masimulizi ya wanawake wazee wa mji. Yeye na Sarah Mirza wakayatoa ya watatu kuwa kitabu: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala, na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kiingereza kilitoka 1989. Kiswahili, lugha waliyoisema wenyewe, kilifuata 1991. Si mara ya kwanza kwa maneno yetu kutufikia yakiwa yamekwisha kutembea.

Hapa mapatano ya Lejeune yanayumba. Majina ya jaladani ni ya watafiti. “Mimi” wa ndani ni wa akina bibi. Lejeune mwenyewe aliliona tatizo hilo, na mwaka 1980 akaandika juu ya tawasifu za wasioandika. Katika masimulizi ya namna hii msikilizaji yumo chumbani, anauliza. Swali likiwa juu ya arusi, maisha yanakuwa arusi. Likiwa juu ya watumwa, bibi ambaye pengine asingelitaja jambo hilo mbele ya wajukuu analitaja, au anapata namna ya kulizunguka. Bi Kaje anatoka katika ukoo wa waungwana uliokuwa na watumwa nyumbani. Mishi ana asili ya utumwa. Mji ni mmoja, mitaa inajuana, na habari za nani alikuwa nani zinasikika kwa namna mbili. Bi Kaje ana uhuru wa kuzungumzia watumwa wa kwao kama sehemu ya kaya. Mishi akizungumza juu ya wazee wake anachagua maneno kwa uangalifu mwingine, na mhakiki makini anasoma uangalifu huo kama anavyosoma tamathali katika shairi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema simulizi la mdomoni halina fani. Kurudia jambo, kusita, kuhama kutoka “mimi” kwenda “sisi” pale jambo linapokuwa zito, kumkatisha anayeuliza kwa methali ili asiendelee: hizo zote ni mbinu, na zina ufundi kuliko aya nyingi za vitabu vya wakubwa.

Vya wakubwa nitavipita haraka. Nyerere hakutuachia tawasifu. Mkapa aliandika ya kwake kwa Kiingereza, ikatoka 2019. Mwinyi akaandika kwa Kiswahili, Mzee Rukhsa, ikatoka 2021. Lugha peke yake imekwisha kukuambia kila mmoja alikuwa akimtazama nani. Vitabu hivi huuzwa kwa kishindo siku ya uzinduzi na husomwa kwa haraka na watu wanaotafuta majina yao. Ni halali. Lakini msimulizi ambaye msikilizaji wake ni historia huwa anakaa wima mno.

Mwandishi aliyekataa kutia saini

Nimemweka Shafi Adam Shafi mwishoni kwa sababu anavuruga yote niliyoyasema, na uhakiki usiovurugwa hauendi mbali.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1940. Mwaka 2013, akiwa na zaidi ya miaka sabini, alitoa Mbali na Nyumbani, habari ya ujana wake, alipoondoka kwao kutafuta elimu ughaibuni akazunguka kupitia Afrika Mashariki, Sudan na Misri akiwa na pesa kidogo na matumaini mengi. Kitabu kina mbio na kicheko. Msimulizi mzee anamtazama kijana mjinga wa wakati ule kwa upendo, hamsahihishi. Ni tawasifu kwa kila kipimo.

Miaka kumi kabla yake, mwaka 2003, Shafi alitoa Haini. Hiyo ni riwaya. Inahusu kukamatwa, kuhojiwa, kuteswa na kufungwa watu katika kisiwa ambako kiongozi ameuawa. Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi wakakamatwa, na Shafi alikuwa mmoja wa waliotiwa gerezani. Mhusika wake mkuu anaitwa Hamza.

Kila mahali vitabu hivi viwili vinapojadiliwa, yupo atakayesema Hamza ni Shafi, kwa hiyo Haini ndiyo tawasifu ya kweli na Mbali na Nyumbani ni ya kujiburudisha. Naelewa mvuto wa wazo hilo. Jela ni nzito kuliko safari, na sisi tunadhani kilicho kizito ndicho kilicho cha kweli. Lakini huko ni kumnyang’anya mwandishi uamuzi wake. Alikuwa na nafasi ya kuandika “mimi” juu ya jela. Alikuwa hai, alikuwa na jina, alikuwa na mchapishaji. Akachagua kumweka Hamza ndani ya chumba kile, na “mimi” akampeleka barabarani, kwenye treni na mipaka, miaka zaidi ya kumi nyuma.

Kwa nini? Njia moja ya kulijibu ni ile ile: aliwaambia nani? Riwaya inaweza kuwasemea wote waliokuwa kwenye seli, na waliokufa, na wasiotaka majina yao yatajwe katika visiwa ambako mlinzi na mfungwa wa zamani bado wanasali msikiti mmoja. Tawasifu ingemlazimu ataje nani alimpiga, na nani alimtaja nani. Hamza anaweza kupigwa na mtu asiye na ukoo, Shafi hawezi. Lakini jibu hilo halinitoshi. Halielezi kwa nini, baada ya kumkabidhi Hamza yaliyomuumiza, akatumia uzee wake kuandika kwa jina lake mwenyewe habari za kijana mwenye njaa anayecheka njiani. Wanaosoma vitabu hivi viwili pamoja waanzie hapo, na waanze na Mbali na Nyumbani.